Joomla ya jumuiya yetu: plagini za tayari, moduli ya kwetu wenyewe, au tuhame?

MtuWaWete
Assalaam aleikum. Jumuiya yetu ya watu wa Wete ina tovuti ya Joomla, ile programu ya bure ya kuendeshea tovuti. Wazee wanataka viongezwe vitu vitatu: daftari la michango ambalo kila mwanachama ataona la kwake tu, matangazo ya misiba, na kalenda ya Kiislamu. Fundi mmoja anasema tununue plagini, yaani programu ndogo za nyongeza, zilizo tayari, mwengine atuandikie moduli, nyongeza ya kwetu wenyewe, wa tatu anataka tuhamie WordPress, programu nyengine ya tovuti. Kikao ni Ijumaa. Nishaurini.

Fundi_Mwanakwerekwe
Waaleikum salaam. Toleo gani? Wanachama wangapi? Nani ana neno la siri? Joomla 3 iliacha kupewa marekebisho Agosti 2023, na plagini nyingi zilizoandikwa kwa ajili yake hazikubali kwenye 5.

BintiKonde
WordPress na BuddyPress, plagini yake ya jumuiya, yakhe. Kila mtu ukurasa wake, makundi yamo, na mafundi tele hata huku Pemba.

Maalim_Kengeja
Kuhama kuna kazi kubwa, msimdanganye. Mimi ni mtu wa Drupal, nayo ni programu ya tovuti kama hizo. Unaunda aina ya maudhui "mchango", unaipa tarehe, kiasi na jina, Views, chombo chake cha kupanga orodha, inakuorodheshea, huandiki msimbo wa programu hata mstari.

BintiKonde
Maalim, kwani kwenda Drupal si kuhama?

Maalim_Kengeja
Kweli, mwanangu. Basi abaki Joomla. Tangu 3.7 ya mwaka 2017 ina sehemu za ziada za kujaza maelezo ndani yake, kwa matangazo ya misiba hana haja ya kununua kitu. Na jina lenyewe ni letu: waliojitenga na programu iliyoitwa Mambo mwaka 2005 walilitoa kwenye neno "jumla".

Mjambiani
Kabla hamjampa mtu kazi, nisikilizeni. Sisi tuliosoma pamoja tulitaka fomu ya kujiandikisha iulize shehia na jina la mzazi. Kijana tuliyempa akafungua mafaili ya Joomla yenyewe akaandika humo humo. Ikafanya kazi vizuri, tukamlipa, akenda zake. Miezi michache baadaye likaja toleo jipya, nikabonyeza kusasisha. Mafaili yakaandikwa upya, nyongeza zetu zote zikapotea, na bakapu, nakala ya akiba, hatuna. Tukamwita, akazirejesha, akatuambia tusisasishe tena. Tukatii. Tukakaa hivyo zaidi ya mwaka, mpaka siku moja mtu akifungua tovuti anapelekwa kwenye kamari. Mlikuwa na picha za marehemu wetu mle. Mama mmoja alinipigia simu analia, na sikuwa na la kumjibu.

Dawa ilikuwepo siku zote. Ukitaka kubadilisha mwonekano, kopi faili lake, liweke kwenye folda ya html ndani ya kiolezo chako (template, mafaili ya sura ya tovuti), ubadilishe nakala hiyo. Ukitaka fomu iulize zaidi, plagini ndogo inatosha. Sasisho likija halivigusi.

Fundi_Mwanakwerekwe
Muulizeni kila fundi: utagusa mafaili ya Joomla yenyewe? Akisema ndiyo, muageni.

AbuMkoani
Na kalenda? Plagini nyingine zinafuata hesabu ya Umm al-Qura ya Saudia. Sisi tunafunga kwa mwezi ulioandama hapa hapa. Tovuti itangaze Idi na watu bado wamefunga?

BintiKonde
Wengine tunafuata mwezi popote ulipoonekana, ami. Na sisi ni wanachama.

Fundi_Mwanakwerekwe
Tafuteni inayokubali kuongezwa au kupunguzwa siku moja kwa mkono, mtu mmoja apewe idhini.

AbuMkoani
Nani huyo mmoja? Hapo ndipo watu wanapogombana. Bora kalenda isiwekwe kabisa.

Mjambiani
Isiwekwe vipi na wazee ndio walioiomba?

MtuWaWete
Samahanini kwa kuchelewa. Wanachama ni kama 300. Toleo sijaliona, aliyeitengeneza yuko Maskati na neno la siri analo yeye. Simu hapokei tangu juzi.

Fundi_Mwanakwerekwe
Kwenye hosti, kampuni inayohifadhi tovuti, mnaingia? Mkiwa na cPanel, ukurasa wa kusimamia hosti, neno la siri la Joomla linabadilishwa kwenye hifadhidata. Domeni, anwani ya tovuti, imesajiliwa kwa jina la nani?

MtuWaWete
Nadhani lake. Hosti pia analipia yeye.

AbuMkoani
Ndugu yangu yuko Ruwi, hapo hapo Maskati, anawajua watu wa Wete wengi kule. Nitumie jina la huyo fundi wenu faragha, nimwambie amfuate kwake leo baada ya Isha.