Ushauri: Kuandaa bwawa la kuogelea la juu ya ardhi kabla ya kulitumia kwa mara ya kwanza, Dodoma

Mkazi wa Ilazo (mleta mada):
Wakuu, habari za majukumu. Nimenunua bwawa la fremu za chuma, lile linalosimamishwa juu ya ardhi bila kuchimbiwa shimo. Lina kipenyo cha futi 12, na maji yakifika kina cha sentimita 90 linachukua takribani lita 9,500. Uwanja wangu una udongo mwekundu wa kichanga na mteremko kidogo kuelekea barabarani. Maji nitaletewa na boza kutoka kisimani, na ni yale ya chumvichumvi yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Kwa kuwa sitaki kuyamwaga baada ya wiki moja, naomba mnieleze nianzie wapi.

Fundi Nzuguni:
Mkuu, anzia ardhini, na usiliite boza mpaka ardhi iwe tayari. Lita 9,500 ni tani tisa na nusu, na uwanja ukiinama, mzigo huo huegemea upande wa chini, nguzo zikapinda na mwishowe bwawa likafumuka. Chimba upande ulioinuka hadi ulingane na ule wa chini, wala usijaze kifusi upande wa chini, kwa sababu kifusi kitatitia maji yakishaingia. Tumia pima maji juu ya ubao mrefu ulionyooka, au mpira wa maji kama mafundi wa msingi wanavyofanya, na tofauti ya upande hadi upande isizidi sentimita mbili. Chini ya kila nguzo fukia kipande cha tofali la saruji hadi uso wake ulingane na ardhi.

Kisha kuna mbigili. Kufagia hakutoshi, kwa maana miiba yake hujificha mchangani na mmoja tu unatoboa plastiki ya chini. Kwangua udongo wa juu, mwagilia, shindilia, halafu pitisha kiganja uwanja mzima kabla ya kutandika turubai nene. Maji yakifika kina cha vidole viwili, simamisha boza, ingia peku na unyooshe mikunjo ya sakafu kutoka katikati kwenda pembeni, kwa sababu maji yakiongezeka hutaweza kuivuta tena.

Mama wa Kisasa:
Naongezea jambo moja ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Ngazi itolewe na kufungiwa ndani kila watu wazima wanapoondoka bwawani, na ndoo au viti visiachwe karibu, kwani mtoto mdogo huvipanda. Umeme wa pampu nao upitie kikata umeme kinachojizima umeme unapovuja.

Mkazi wa Ilazo:
Nashukuru sana, fundi, na wewe pia dada. Na klorini je? Dukani nimeonyeshwa ya chenga, yenye nguvu ya asilimia 65.

Mtunza Bwawa:
Ndugu, hiyo ya chenga kwa kawaida ni ya kalisi (madini yanayofanya ukoko mweupe), na maji yako ya ukoko tayari yana kalisi nyingi. Ukiweza, chukua ya maji, ambayo haiongezi kalisi. Usizichanganye aina mbili kamwe, hata kwenye ndoo, kwa kuwa zinaweza kulipuka.

Bwawa likijaa, washa pampu na upime pH kwanza, yaani kipimo cha uchachu wa maji. Ishushe hadi kati ya 7.2 na 7.6, maana ikiwa juu klorini hupoteza nguvu na ukoko huganda kwenye chujio. Kisha pandisha klorini hadi miligramu 3 kwa lita. Kwa ujazo wako, hiyo ya chenga ingehitajika gramu 45 hivi, iyeyushwe kwenye ndoo ambayo maji yametangulia kuwekwa, kwa sababu chenga zikitua sakafuni huchubua rangi ya plastiki. Weka jioni, kwani jua letu la mchana hula klorini kwa saa chache. Dawa ya kuikinga na jua, asidi ya sianuriki, iwe kati ya miligramu 30 na 50 kwa lita.

Gawanya lita za bwawa kwa uwezo wa pampu: ikisukuma lita 2,000 kwa saa, maji yote yatapita kwenye chujio kwa muda usiofika saa tano. Asubuhi pima tena, na watoto waingie klorini ikiwa kati ya 1 na 3. Lifunike bwawa lisipotumika, kwani upepo wa kiangazi hukausha maji na kuleta vumbi jekundu linaloziba chujio.