Wanaopiga shabaha yadi 600 mpaka 1,000, hesabu ya kliki za skopu mnaipigaje?

Mpiga_308
Wakuu habari za leo. Niko huku Uingereza, nimejiunga na klabu inayopiga pale kwenye viwanja vya shabaha vya Bisley, bunduki yangu ni ya kaliba .308, risasi za uzito wa greini 175, boksi linasema inatoka mtutuni na mwendo wa futi 2,600 kwa sekunde. Skopu (darubini ya kulengea) kila kliki ya kuizungusha ni robo MOA, kile kipimo cha pembe, ziro, yaani umbali ambao risasi inagonga pale pale ninapolenga, nimeweka yadi 100 na hapo inapiga safi kabisa, matundu yanagusana. Sasa tunaenda yadi 600 pale uwanja wa Century halafu baadaye uwanja wa Stickledown yadi 1,000, ndo hapo kichwa kinauma. Mwenzangu mmoja klabuni anasema kliki moja ni robo inchi kwa hiyo angalia risasi inashuka inchi ngapi zidisha kwa nne, mwingine skopu yake ni ya mili, kipimo kingine cha pembe, anasema zungusha 4.6 tu basi yaishe. Nikifuata yule wa kwanza, risasi ikishuka inchi 100 kule yadi 600 inakuwa kliki 400, na skopu yangu kutoka kwenye ziro kwenda juu imebakiza MOA 30, yaani kliki 120, sasa inawezekanaje? Naomba mwenye uelewa anieleweshe hesabu yenyewe inatoka wapi, sio nipewe namba tu.

Timazi
Mkuu karibu sana kwenye huu mchezo. Huyo aliyekwambia robo inchi hajakosea ila hiyo ni ya yadi 100 tu. MOA ni pembe, ni digrii moja ukiigawa mara 60, na pembe kadiri unavyokwenda mbali ndivyo inavyozidi kufunguka. Yadi 100 MOA moja ni inchi 1.047, yadi 600 ni inchi 6.28, yadi 1,000 ni inchi 10.47. Kwa hiyo kliki yako ile ile ya robo ukiwa 600 inasogeza tundu inchi moja na nusu hivi.

Hesabu sasa. Chukua inchi ambazo risasi imeshuka chini ya mstari wa kulenga, gawanya kwa inchi za MOA moja kwenye umbali huo, unapata MOA, ndo unazidisha kwa nne upate kliki. Yako: 100 gawanya kwa 6.28 ni 15.9, mara nne ni kliki 64. Sio 400. Na huyo wa mili wala hampingani, mili moja ni MOA 3.44, ukigawa 15.9 kwa 3.44 unapata 4.6, ni kitu kile kile kimesemwa kwa kipimo kingine. Ubaya ni pale mtu anapochanganya, amesoma jedwali la mili halafu anazungusha tareti (kile kitufe cha kliki juu ya skopu) ya MOA, hapo risasi inaishia kwenye mchanga mbele ya shabaha na hamtajua imeenda wapi.

Ukishapiga ya kwanza kusahihisha ni hivyo hivyo. Tuseme uko 600, wale wanaoweka alama kule kwenye shimo chini ya shabaha wameishusha wakairudisha na kile kiduara cha kuonyesha ulipopiga kimechomekwa kwenye tundu lako, unaona uko chini inchi 12. Gawa kwa 6.28 ni karibu MOA 1.9, panda kliki 8. Usipande 48 ukarusha risasi juu ya fremu.

Mpiga_308
Aisee sasa nimeelewa, asante sana mkuu. Kwa hiyo kama 600 ni MOA 16, basi 1,000 nachukua 16 nagawa kwa 6 nazidisha kwa 10, inakuwa 27 na skopu inafika?

Timazi
Hapana mkuu, hapo usiende kwa uwiano. Risasi inapunguza mwendo njia nzima, zile yadi 100 za mwisho inazimaliza kwa muda mrefu kuliko zile za mwanzo na muda wote huo inazidi kuanguka. Greini 175 yako ikifika yadi 1,000 imebaki juu kidogo tu ya mwendo wa sauti. Kwa bunduki kama yako kwenye hewa ya kawaida ya huko chini karibu na usawa wa bahari tegemea takriban MOA 5 yadi 300, 12 yadi 500, 16 yadi 600, 31 yadi 900, na 1,000 ni kama 38. Ona kutoka 900 kwenda 1,000 peke yake inadai MOA 7, wakati 500 kwenda 600 ilidai 4.

Kwa hiyo MOA 30 hazikufikishi. Dawa yake ni reli ya kufungia skopu iliyoinamishwa MOA 20, nyuma inakuwa juu mbele chini, ukiifunga unakuwa na MOA 50 za kupanda na 10 za kushuka, ziro ya 100 bado unaipata na 1,000 unafika ukiwa na akiba. Nunua hiyo kabla hujafikiria skopu nyingine.

Kilele_NBO
Naongezea kitu ndugu zangu, mimi napiga huku Nairobi, tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Jedwali la mtu wa Bisley ukilileta huku kama lilivyo utapiga juu na kwa yadi 1,000 ni juu sana, maana hewa ni nyepesi, ukifika mita 1,800 imepungua kama asilimia 16 ukilinganisha na pwani na risasi haibanwi sana. Kwa hiyo kwenye programu ya simu ya kupiga hizi hesabu usiache joto na kanieneo ya hewa vile ulivyovikuta, jaza vya siku hiyo. Na tafadhali jaza kanieneo halisi ya pale uliposimama, ile ya utabiri wa hali ya hewa huwa wameshairekebisha kama vile uko baharini, ukiijaza programu inadhani uko Mombasa.

Halafu hiyo 2,600 ya kwenye boksi usiiamini mpaka upime kwa kronografu, kile kifaa cha kupima mwendo wa risasi. Wao wana mtutu wao, wewe una wako. Ikitoka 2,550 tu, kule 1,000 umeshuka zaidi ya inchi 15 na wala hujakosea kulenga.

Timazi
Hapo kwenye kronografu Kilele amesema kweli tupu. Kingine watu wanakiruka ni kuipima tareti yenyewe. Bandika karatasi ndefu yadi 100 zilizopimwa kwa tepu, ning'iniza timazi ile ya fundi uashi, chora mstari wima kwa kuifuata, weka nukta chini. Piga nukta, panda MOA 20, lenga nukta ile ile piga tena. Matundu yawe yameachana inchi 20.9 na yote yawe kwenye mstari wenyewe. Ukikuta inchi 20 kamili basi skopu yako inahesabu kwa inchi na sio MOA ya kweli, kwa 38 zako kule yadi 1,000 hiyo ni inchi 18 chini. Sio mwisho wa dunia, badilisha tu kipimo kwenye programu. Na kama tundu la juu limekwenda pembeni skopu imefungwa imelala, digrii moja tu ya kulala inakupeleka pembeni inchi 7 ukiwa 1,000 na wewe utalaumu upepo. Funga kipimamaji kidogo kwenye skopu, kikiinama usivute.

Mpiga_308
Nimeandika yote kwenye daftari. Reli naagiza leo, karatasi na timazi nafanya kabla ya Century.

Timazi
Safi. Kwenye hilo daftari andika na joto la siku na kliki ulizoishia nazo kweli, sio zile za programu. Ukishapata namba ya kronografu iweke hapa pamoja na urefu wa skopu kutoka katikati ya mtutu mpaka katikati ya kioo, tukupigie ya 900 na 1,000 kwa usahihi.