Kapsuli za omeprazoli zina jelatini ya mnyama gani? Naombeni ushauri, niko Ujiji

Mwana_Ujiji: Wakuu, habari za jioni. Chembe ya moyo inaniwaka wiki ya tatu sasa, hasa usiku wa manane tumbo likiwa tupu. Duka la dawa wamenipa omeprazoli ya miligramu 20, kapsuli moja kila asubuhi. Nikasoma ile karatasi ya ndani: mannitoli, sukari, na ganda la jelatini. Ya mnyama gani, haikuandikwa. Mimi Muislamu, moyo ukasita. Ikabidi niwe nafungua ganda nalitupa, zile punje nyeupe namwagia kwenye chai ya maziwa, natafuna nameza. Leo siku ya tano, sioni nafuu. Kuna dawa gani ya kupunguza asidi isiyo na jelatini?

Shehe_Mtaratibu: Ndugu yangu, umefanya vyema kuuliza. Jelatini hutoka kwenye ngozi na mifupa, inaweza kuwa ya ng'ombe au ya nguruwe, na kuna viwanda vinavyotumia ganda la mimea. Dharura ina hukumu yake, lakini dharura ni pale mbadala unapokosekana. Tafuta mbadala kwanza. Na tumbo lisikuzuie msikitini. Vijana wa sasa kiungulia kidogo tu, alfajiri inawapita.

Mama_Migebuka: Pole mwanangu. Mimi yalinikuta. Nilikunywa maziwa, nikala ndizi mbivu, nikaacha pilipili na mawese, wapi! Kumbe ni bakteria. Nikapewa dawa tatu kwa siku 14, omeprazoli ikiwa mojawapo, mdomo ukawa mchungu kama nimenyonya sarafu. Mume wangu akala ugali wa muhogo peke yake wiki mbili, mimi hata harufu siitaki. Nenda kapime bakteria.

Bwana_Reli: Mama yuko sahihi. Kuna daktari wa Australia, Barry Marshall, mwaka 1984 aliwanywa bakteria hao makusudi ili athibitishe wanaharibu tumbo. Yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Nobel mwaka 2005. Kabla yao watu waliambiwa ni mawazo na pilipili.

Mfamasia_Mwanga: Mleta uzi, tuanze na kikombe chako. Kila punje ina koti lake, kwa sababu asidi ya tumbo inaiharibu omeprazoli. Koti linatakiwa lifike utumbo mdogo ndiyo liyeyuke. Ukitafuna umelivunja. Ukiweka kwenye maziwa, linaanza kuyeyuka humo humo kikombeni. Ganda kufunguliwa si kosa: mwagia punje kwenye nusu glasi ya maji ya kawaida, koroga, kunywa papo hapo bila kutafuna, nusu saa kabla ya kula. Sasa nijibu: unakunywa dawa gani nyingine? Na choo chako kina rangi gani?

Mwana_Ujiji: Ahsante sana mkuu. Choo cha kawaida. Dawa nyingine hakuna, labda ya maumivu tu mara mojamoja. Vile vidonge vya kutafuna vya magnesiamu havina jelatini, si ndiyo? Nahamia huko.

Mfamasia_Mwanga: Vile vinapoza asidi iliyokwishamwagika, muda mfupi, na vinaweza kukuharisha. Omeprazoli inafunga bomba lenyewe. Ila hujanijibu. Maumivu ya nini, dawa ipi, mara ngapi?

Mwana_Ujiji: Mgongo. Nashusha madumu ya mawese na magunia ya dagaa kwenye maboti pale Kibirizi. Natumia diklofenaki. Asubuhi na jioni. Tangu mwezi wa pili.

Mfamasia_Mwanga: Na choo?

Mwana_Ujiji: Kuanzia juzi cheusi. Kama lami, kinanata. Sikutaka kusema mbele ya watu.

Mama_Migebuka: Yesu wangu!

Mfamasia_Mwanga: Unakunywa vidonge vya kuongeza damu? Navyo hufanya choo kiwe cheusi.

Mwana_Ujiji: Hapana.

Mfamasia_Mwanga: Basi hiyo inaweza kuwa damu inayovuja tumboni. Diklofenaki inaondoa kinga ya ukuta wa tumbo. Acha leo. Nenda hospitali leo, usiku huu huu.

Mwana_Ujiji: Leo siwezi. Ni giza, dagaa wanatoka. Mwezi mkubwa ukiingia wavuvi watapumzika, nitakwenda siku hiyo. Nilishapanga pia nibadili vidonge nichome sindano, ipite mbali na tumbo.

Mfamasia_Mwanga: Sindano haipiti mbali. Diklofenaki inafika tumboni kwa njia ya damu, madhara ni yale yale.

Jicho_Kavu: Jamani, hii chai. Mtu anatoka damu lakini anaandika kwa mpangilio hivi? Tangu lini mbeba mizigo akasoma mannitoli? Subirini, sasa hivi atatokea mtu na unga wa mizizi na namba ya simu.

Bwana_Reli: Hata mimi nimeshtuka. Mwanzo choo cha kawaida, sasa lami.

Mwana_Ujiji: Nimesoma hadi kidato cha nne, kubeba dumu hakufuti kusoma. Paketi ninayo mkononi: kofia nyekundu, chini nyeupe, zimebaki tisa. Tangu asubuhi nikiinuka naona nyota, nimekalia ndoo hapa mlangoni. Siuzi kitu.

Mama_Migebuka: Jicho_Kavu, akiwa muongo tumepoteza maneno. Akiwa mkweli je?

Mfamasia_Mwanga: Kizunguzungu ndicho kimebaki kunitisha. Usiende peke yako, usiendeshe pikipiki mwenyewe. Mwamshe jirani. Beba paketi zote mbili wazione.

Shehe_Mtaratibu: Ndugu yangu, nilikujibu la jelatini nikaacha la uhai wako. Niko Ujiji pia. Niandikie pembeni ulipo, nina gari.

Jicho_Kavu: Kama ni kweli, nisamehe mkuu.

Mwana_Ujiji: Nimefika, shehe yuko nami. Wamenitoa damu ya kupima, wamenitundikia maji, wamesema nisile chochote. Diklofenaki wameichukua. Omeprazoli wamesema watanichoma ya sindano. Hiyo haina ganda.