Santuri au dijitali kwa DJ: nichukue ipi?

mtoto_wa_tandika
Wakuu, habari za jioni. Napiga muziki kwenye harusi na sendofu hapa Dar kwa vyombo vya kuazima, sasa nimejichanga nataka vya kwangu. Naona njia tatu: mashine mbili za santuri na mikisa (chombo cha kuchanganya sauti), kontrola (meza ya vitufe na magurudumu ya kuendeshea muziki) na kompyuta, au ule mfumo wa mchanganyiko, ambapo mashine za santuri zinaendesha faili zilizo kwenye kompyuta. Moyo wangu uko kwenye dansi la zamani, ila kinachonilisha ni singeli na bongo fleva. Je, santuri bado ina nafasi kwa DJ, au dijitali imeshamaliza kazi?

fundi_spika
Mkuu, kwenye harusi ilishamaliza zamani, na sababu kubwa ni mzigo. Santuri ya inchi 12 na jalada lake ni kama robo kilo. Beba mia moja, hizo ni kilo 25, na mashine moja tu ya Technics SL-1200 ina kilo 12 hivi. Nyimbo zote hizo zinakaa kwenye fleshi ya mfukoni.
Halafu fikiria ukumbi wenyewe. Spika za bezi zikiwa karibu, mtikisiko unapanda hadi kwenye sindano, unarudi kwenye spika, unapata mngurumo usioisha. Wenye vilabu vyao huweka mashine juu ya bamba zito la zege. Wewe uko chini ya turubai na meza ya plastiki. Chukua kontrola.

kasi_ya_uswazi
Naunga mkono. Singeli inapita midundo 200 kwa dakika. Kitelezi cha kasi cha SL-1200 ya kawaida kinakupa asilimia 8 tu juu au chini. Hata ukiipiga santuri ya mizunguko 33 kwa dakika kwenye kasi ya 45 unaongeza asilimia 35, na sauti ya mwimbaji inakuwa ya katuni. Programu inapandisha kasi na sauti inabaki pale pale. Tena wimbo unatoka studio Mburahati asubuhi, jioni mteja anauomba. Santuri ya wimbo huo utaipata wapi?

mama_santuri_nbo
Kwa singeli sina ubishi. Lakini kijana ametaja dansi la zamani, na hapo mambo yanageuka. Miaka ya 60 hadi 80, bendi za Kenya na Tanzania, pamoja na Wakongo waliohamia huku, zilitoa nyimbo kwenye santuri ndogo za mizunguko 45, nyingi zikichapwa hapa Nairobi. Sehemu kubwa ya nyimbo hizo haijawahi kuuzwa kama faili. Unachokuta mtandaoni mara nyingi ni nakala ya kanda iliyonakiliwa tena na tena, bezi imekufa, matoazi yanakwaruza.
Santuri hizo bado zinapatikana Kenyatta Market. Ukienda, ishike kwenye kingo na uiinamishe kuelekea mwanga. Mifereji ikiwa imegeuka kijivu, sindano mbovu imeshaila. Pitisha ukucha taratibu juu ya mkwaruzo: unaonasa ukucha ndio utakaorusha sindano, usionasa utatoa kelele ndogo tu. Na uangalie pande zote mbili, kwa sababu wimbo mrefu ulikatwa katikati. Upande A una mashairi, upande B ndiko magitaa yanakochemka na watu wanakoingia kucheza.

fundi_spika
Dada, hiyo ndiyo hoja yangu. Ukiwa na nakala moja, watu wanasimama wakisubiri uigeuze. Nakili pande zote kwenye kompyuta, ziunganishe, umemaliza.

mama_santuri_nbo
Nami nafanya hivyo kaka, na ninapigia faili. Ila lazima santuri iwepo kwanza, na uwe na kitu cha kuichezea.

mswahili_london
Msiizike santuri mapema. Technics walisimamisha SL-1200 mwaka 2010, na mwaka 2016 ikarudi sokoni. Marekani mwaka 2022 ziliuzwa santuri milioni 41 dhidi ya CD milioni 33, mara ya kwanza santuri kuipita CD kwa idadi tangu 1987.

mama_santuri_nbo
Takwimu hizo ni za wanunuzi wote, na wengi wao wanasikiliza sebuleni. Hazituambii DJ anapigia nini.

selekta_ksm
Njia ya tatu hamjaigusa. Unaweka santuri maalumu isiyo na wimbo, ina sauti ya alama tu. Programu inasoma alama hizo na kulifanya faili lifuate mkono wako. Kampuni ya Serato walitoa ya kwao mwaka 2004, na kwa anayeskrachi (kusugua santuri mbele na nyuma kwa mkono) haina mpinzani. Kwa harusi unabeba mizigo ya pande zote mbili, na sindano inaruka vile vile.
Jambo moja kuhusu dansi la zamani: usitegemee kitufe cha kulinganisha midundo. Mpiga ngoma alikuwa binadamu, anaanza taratibu na kufikia sebene (sehemu ya magitaa ya kuchezea) ameshakimbia. Programu inachora mistari iliyonyooka juu ya mdundo unaosogea, nyimbo mbili zinagongana. Zima kitufe, shika gurudumu, fuata kwa sikio.
Ningekuwa wewe ningenunua kontrola ya kazi na mashine moja ya santuri ya nyumbani kwa kunakilia. Nakili kwa WAV, aina ya faili isiyobana sauti. Na fleshi ifomatiwe kwa mfumo wa FAT32, kwa sababu CDJ (mashine za DJ za kuchezea CD na fleshi) nyingi za zamani unazozikuta kumbini hazisomi mfumo wa NTFS, wala hazichezi faili za FLAC.

mtoto_wa_tandika
Asanteni sana wakuu. Kontrola kwanza, basi. Hiyo mashine ya kunakilia, ya mkanda inafaa au lazima iwe ile ambayo mota inazungusha sahani moja kwa moja bila mkanda?

selekta_ksm
Ya mkanda inatosha, ilimradi uzito wa sindano unarekebishika. Zile za kisanduku cha kubeba mkononi ziache, nyingi hazina marekebisho hayo na zinakwangua santuri. Ulizia pia kama ina kikuza sauti cha phono ndani, yaani cha kuinua sauti hafifu ya sindano. Kama haina, ipitishe kwenye mikisa yenye tundu la phono, kwani ukiichomeka kwenye kompyuta moja kwa moja sauti itatoka hafifu na haina bezi.