"Pick my call": kosa la kukatwa maksi, au ndiyo Kiingereza chetu?

Mwanzisha mada:
Habari zenu. Wiki iliyopita binti yangu wa kidato cha pili alirudi na karatasi ya jaribio la Kiingereza. Aliandika: "My aunt did not pick my call." Mwalimu amepiga mstari mwekundu, amekata maksi mbili, pembeni akaandika "pick up". Kwa kamusi za Uingereza mwalimu yuko sahihi, sibishi. Ila chini yake aliongeza neno moja, "uvivu", na hilo ndilo lililoninyima usingizi. Mtoto yule si mvivu. Alifikiri kwa Kiswahili, na Kiswahili kikampa jibu lenye mantiki: kupokea simu ni kitenzi kimoja, basi.

Kwetu kitenzi hubeba mzigo wake mwenyewe. Shika, shikia, shikilia, shikana, shikamana: mzizi ni uleule, na kila maana mpya imeshonwa mwilini mwake. Mwingereza hufanya kazi hiyo kwa vineno vinavyosimama kando. "Pick" peke yake ni kuchagua, au kuchuma, kama maua au machungwa. Aweke "up" mbele yake, mambo yanabadilika. Ufunguo ukianguka, "pick it up" ni uokote. "Pick me up at six" ni unipitie saa kumi na mbili. Biashara ikianza kuchangamka baada ya miezi mikavu, "business is picking up". Mgeni aliyejifunza Kiswahili kwa kusikia tu, bila kukaa darasani, "he picked up Swahili". Katika sentensi hizi mbili za mwisho "juu" iko wapi? Na kwenye simu, zamani mkono wake uliinuliwa kweli kutoka kitakoni, hivyo "up" ilikuwa na kazi. Leo tunatelezesha kidole kwenye kioo.

Ugumu huu haukuanza na watoto wetu. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake London mwaka 1755, aliandika kwenye dibaji kwamba vitenzi vya namna hii ndivyo vinavyowapa wageni taabu kubwa kuliko yote. Mwenye lugha mwenyewe alikiri.

Basi nauliza: maana isipopotea, maksi zikatwe kwa nini? Mimi nasema zisikatwe.

Mwalimu wa sekondari:
Mzazi mwenzangu, nafundisha Kiingereza kidato cha tatu na cha nne. Neno "uvivu" silitetei hata kidogo. Lakini maana hupotea haraka kuliko unavyodhani. "Pick me" ni "nichague". Kijana anayemwandikia mwenyeji wake wa kigeni "please pick me" amesema jambo jingine kabisa.

Tena shida haiishii kwenye "pick". Chukua neno letu "zima". Tunazima taa, moto, redio, simu, yote kwa kitenzi kimoja. Kwa Kiingereza moto ni "put out", redio ni "turn off". Mwanafunzi anabeba "zima" yake, anaandika "they put off the fire". Sasa "put off" ni kuahirisha. Kwa hiyo wameahirisha moto? Na kikao je? Kikiwa "put off" kitafanyika siku nyingine, kikiwa "called off" kimefutwa. Mtu anaweza kusafiri usiku kucha kuwahi kikao kisichokuwepo kwa kuchanganya hivyo viwili. Halafu kuna wanaoongeza pasipotakiwa: "cope up with". Sahihi ni "cope with". Nahisi "up" hiyo wameiazima kwa "keep up with" na "put up with", maana zinasikika kama ndugu.

Anayesahihisha mtihani wa taifa hamjui binti yako, wala hawezi kukisia alichokuwa anafikiri. Anasoma kilichoandikwa.

Mpokea simu za wateja, Nairobi:
Mwalimu, heshima yako. Kazi yangu ni simu kuanzia asubuhi hadi jioni, na hapa kwetu mkubwa kwa mdogo husema "pick my calls". Sijawahi kumsikia mteja Mkenya akikosa kuelewa. Mteja akiwa wa Uingereza natumia "pick up", yanaisha. Ni kama kubadilisha shati.

Kisha tuangalie fomu. Mwingereza husema "fill in the form", Mmarekani "fill out the form". Mmoja anajaza ndani, mwingine anajaza nje, na fomu ni ileile. Sisi tunasema "fill the form" kwa sababu tunajaza fomu. Kama hao wawili wanavumiliana, sisi wa tatu tunaadhibiwa kwa lipi? Wala wao wenyewe hawashikilii vineno hivyo siku zote: Mwingereza anaweza kusema "drop me off at the station" au "drop me at the station", na haulizwi.

Mwanafunzi wa chuo:
Shikamooni. Mimi nilikaririshwa orodha ya vitenzi hivi sekondari, maana upande huu na kitenzi upande ule, nikavisahau vyote baada ya mtihani. Kilichonisaidia ni kuvisoma ndani ya sentensi zenye mtendwa. Tunasema "pick me up", hatusemi "pick up me". Nilipoona kwamba "me" inakaa katikati kama "-ni-" inavyokaa katikati ya "unipitie", nikaacha kukosea. Sikuwahi kuonyeshwa hilo darasani.

Mwanzisha mada:
Mwalimu, kwenye "pick me" nimekubali, na kwenye kuahirisha moto pia. Hapo maana imehama na maksi zikatwe. Kwenye simu na fomu bado sijashawishika, maana hakuna aliyepotea njia.

Mwanafunzi, nimemwonyesha binti hiyo "-ni-" yako jana usiku. Ameandika "pick me up", "pick it up", "pick them up", kisha akaniuliza mbona hawakumfundisha hivyo. Jumatatu nakwenda shuleni. Maksi mbili sitazidai. Nitaomba lile neno lifutwe, na mtoto awepo likifutwa.