Uzamili wa utafiti wa malaria: Ifakara, Kilifi au London?

Chipukizi_Moro: Wakuu, naomba ushauri. Nimemaliza shahada ya sayansi ya maabara, nataka kutafiti malaria hadi uzamivu. Nina njia tatu: uzamili Nelson Mandela Arusha huku nikifanya utafiti kituo cha afya cha Ifakara, mafunzo kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome kule Kilifi, Kenya, au niombe Chevening, ule ufadhili wa serikali ya Uingereza, niende London School of Hygiene. Mngekuwa mimi mngeshika ipi?

BiAsha: Kama unapenda mbu, Ifakara bila kusita. Kituo kipo tangu 1957, na bonde la Kilombero lenyewe ni maabara. Asubuhi unamwaga mbu wa mtego kwenye sahani nyeupe, unawatenga kwa hadubini, aina kwa aina: funestus huku, kundi la gambiae kule. Hapo hujamaliza, maana ndani ya kundi hilo gambiae wenyewe na arabiensis wanafanana kama shilingi kwa ya pili. Mpaka PCR, kipimo cha vinasaba, iseme. Ukizoea kazi hiyo, hata swali lako la utafiti linatoka mikononi mwako mwenyewe.

MtuWaKilifi: Dada Asha kasema kweli. Ila kama moyo wako uko kwenye kinga na chanjo, karibu kwetu. Programu ilianza 1989 na iko palepale hospitali ya kaunti: mtoto kalazwa wodini, damu yake inasomwa jirani tu. Chanjo za malaria za RTS,S na R21 zote zimejaribiwa hapa, na Bagamoyo vilevile.

Mzamivu: London nilisoma. Takwimu na epidemiolojia wanakunoa kwelikweli, lakini ni mwaka mmoja tu, na tasnifu wengi wanaandikia data za watu wengine. Halafu Chevening wanataka saa 2,800 za kazi. Wewe umetoka chuo juzi, hiyo iweke kwa baadaye.

BiAsha: Na kuliko chuo, mdogo wangu, mchunguze msimamizi. Soma makala zake za karibuni uone kama wanafunzi wake wanatajwa waandishi wa kwanza. Wasipotajwa, tafuta mwingine.

Chipukizi_Moro: Asanteni sana. Naanza na Ifakara, saa za kazi nitazipata hukohuko. Kibali cha maadili naomba wapi?

BiAsha: Bodi ya maadili ya kituo kwanza, kisha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Anza mapema, ukichelewa masika inapita na msimu wa mbu umeukosa.