Mrejesho: waipa za pikapu ya 1994 zilizokuwa zikisimama katikati ya kioo

Wakuu, nimerudi. Kwa ambao hawakuona swali: waipa zilikuwa zinakwenda kwa kujikokota, zinasimama katikati ya kioo, na fyuzi inaungua mara kwa mara. Wengi mlisema mota imekufa, na kuna aliyeshauri niweke fyuzi kubwa zaidi. Mota ni nzima.

Kipimo kilichomaliza ubishi ni hiki: fungua plastiki iliyo chini ya kioo, bandua fito (vyuma vinavyounganisha mota na waipa) kutoka kwenye mkono wa mota, kisha washa (vidole mbali, ule mkono hauna huruma). Mota ikizunguka kwa kasi bila mzigo, hamia kwenye fito. Hapa pini ya upande wa dereva (kijiti ambacho mkono wa waipa hufungwa juu yake na kuzunguka nacho) ilikuwa imekamata kabisa. Maji na vumbi hupenya juu ya pini, grisi inakauka, mota inalazimika kuvuta umeme mwingi, fyuzi inakatika. Ule ushauri wa kuweka fyuzi kubwa zaidi ungeunguza nyaya.

Toa klipu, lowesha pini kwa mafuta ya kupenya usiku mzima, igonge itoke huku nati ikiwa bado juu ili uzi wa nati kwenye pini usiharibike. Msasa namba 400, grisi mpya, oringi (pete ya mpira ya kuzuia maji) mpya.

Kusimama katikati lilikuwa jambo jingine: kisahani cha shaba ndani ya kifuniko cha mota, kinachoifanya mota isimame mahali pa kuegesha waipa, kilikuwa na kutu ya kijani. Kilisafishwa tu.

Kabla ya kurudisha mikono ya waipa, washa na uzime ili mota ijiegeshe yenyewe, ndipo ukaze nati.